Paka Mzee wa Duka la Kanti

Damyanti alikuwa anasukuma chapati aliposikia neno "kumfungua," na mti wa kusukumia ukasimama juu ya kibao.

"Kumfungua nani?" akauliza.

"Yule paka wa baba, Ma," Sachin akasema. "Eddie ana ukumbi wake kule Croydon, karibu na kituo cha tramu. Jumamosi mchana ameandaa shughuli ya Misri ya kale. Watu watakaa, watakunywa, halafu paka atafunguliwa sanda yake polepole mbele yao, wajionee kilichomo ndani."

Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza. Sachin ni mzaliwa wa Walthamstow. Kiswahili cha wazazi wake anakisikia chote, hata matusi, lakini ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ukimsemesha kwa Kigujarati anakujibu kwa Kiingereza vilevile. Mama yake alikwishalizoea hilo. Hili la paka ndilo lililompanda kichwani.

"Watu wanywe bia huku wanamvua maiti nguo," akasema. "Na wewe umekubali."

"Ma, ni paka. Amekufa zamani."

"Baba yako naye amekufa. Tumwite Eddie aje amchungulie?"

Sachin akashusha pumzi. Duka la baba yake linafungwa, alisema, mwenye nyumba anataka nafasi yake, na kila kitu mle ndani lazima kiende mahali. Masufuria yana mtu, saa za ukutani zina mtu. Paka hana mtu. Eddie ni rafiki yake wa siku nyingi na angalau amemtaka.

"Halafu usinifanye mimi ndiye mbaya," akaongeza akivaa koti. "Hao makuhani wa Misri unaowaonea huruma waliwafuga paka makusudi, wakawavunja shingo wangali wadogo, wakawauzia waumini. Wapigapicha wa eksirei wameona shingo zenyewe. Eddie ameniambia."

Mlango ukafungwa. Chapati iliyokuwa jikoni ikaungua, na Damyanti akaiacha iungue.

Sasa tumjue mwenye hasira zenyewe, maana si hasira za jana. Damyanti alizaliwa Moshi, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la khanga la baba yake. Alikuja London bado msichana, ameolewa na Kanti, naye Kanti ni mtoto wa Moshi vilevile, mtaa wa pili. Katika mizigo yao walileta jiko la mkaa. Watu wa uwanja wa ndege walilicheka lile jiko, na yeye akawaangalia mpaka wakaacha kucheka. Sokoni Walthamstow, kwenye ule mtaa mrefu wa mabanda, anajulikana hadi leo. Muuza samaki akimwona anakuja huondoa mkono wake kwenye mizani.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kufunga biskuti kiwandani. Wanawake wenzake walimuuliza, tena wakati wa kula, kama ni kweli kwao wanaabudu ng'ombe. Walimuuliza huku wanacheka, na alipotaka kueleza wakawa wamegeukia jambo jingine. Kisa chenyewe kilikuwa chapati. Mama yake alimfundisha kwamba chapati ya kwanza ya siku hailiwi, hutengwa kwa ajili ya ng'ombe, kwa kuwa ametunyonyesha sote na hajadai shukrani. Moshi ng'ombe walipita mlangoni. London hawapiti. Kanti alikuwa akizibeba chapati za wiki nzima hadi kwenye zizi moja la kuonyesha watoto mifugo, mpaka wenye zizi wakabandika tangazo la kukataza. Tangu hapo zinaliwa na njiwa wa uani, na Damyanti anawaambia njiwa kila asubuhi kwamba wanakula kwa niaba ya ng'ombe.

Kanti ndiye aliyefungua duka la vitu vilivyotumika, kwenye kichochoro kinachotokea sokoni. Alinunua vyombo vya nyumba za watu waliofariki, akavisafisha, akaviuza. Damyanti alikaa chumba cha nyuma anang'arisha vijiko. Siku moja, ndani ya boksi la mapazia ya bibi mmoja Mwingereza, kikatoka kitu kirefu kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko, kimevikwa vitambaa vyembamba vilivyosukwa, cheusi juu ya cheupe, kwa ufundi wa kumshangaza hata binti wa muuza khanga. Juu kulikuwa na uso uliochorwa na masikio mawili madogo yaliyosimama.

Mteja wao mmoja mwenye kujua mambo hayo aliwaambia kwamba huyo ni paka wa Misri, ana zaidi ya miaka elfu mbili. Mtu wa zamani mwenye shida yake alimpeleka kwa Bastet, mungu wa kike mwenye kichwa cha paka, ili amfikishie maombi.

"Yaani ni nadhiri," Damyanti akasema.

"Nadhiri ya nani?" Kanti akauliza.

"Nitajuaje? Ya mwanamke fulani. Wanaume huwa hawangoji mpaka mambo yafike huko."

Watu walimtaka yule paka, na Kanti akakataa kumwuza. Akamweka kwenye rafu ya nyuma ya meza, mahali pa heshima, karibu na picha ya Ganesh mwenye kichwa cha tembo. Halafu akaanzisha desturi ambayo nadhani haikuwepo kokote duniani isipokuwa pale kichochoroni. Kila asubuhi aliwasha udi, akalizunguka duka lote kwa kuanzia kulia, akaufukiza mlango, mizani, droo ya fedha, picha ya Ganesh, na mwisho kabisa akafika kwa paka. Hapo aliinamisha kichwa na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Shikamoo, mzee."

Mara ya kwanza Damyanti alicheka hadi akaangusha kijiko. Lakini shikamoo haiachwi ikining'inia hewani, na paka hana ulimi. Kwa hiyo akajibu yeye kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti nzito: "Marahaba!"

"Katika Walthamstow nzima hakuna mtu mzima kumshinda huyu," Kanti alikuwa akisema. "Asiposalimiwa yeye, asalimiwe nani?"

Wakafanya hivyo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Walifanya hivyo hata siku walizokuwa wamenuniana. Mumewe angeweza kumwudhi usiku kucha, Damyanti akaapa kutomsemesha tena, lakini asubuhi ikifika na ile shikamoo ikitoka, lazima ajibu, na akishajibu ugomvi unakosa pa kushika. Ndoa za watu huponywa na mambo ya ajabu. Yao ilitunzwa na paka.

Ni yeye huyohuyo paka aliyewapeleka jumba la makumbusho, katikati ya jiji, kuwaona ndugu zake. Walikuwa wengi. Kulikuwa na ndege waliovikwa sanda, kozi na kwarara, na mamba wadogo kwa wakubwa. Kulikuwa na picha ya Hathor mwenye pembe za ng'ombe, na Anubis mwenye kichwa cha mbweha, mlinzi wa maiti, na fahali Apis ambaye akifa nchi nzima inalia na kumzika kwa heshima za mfalme. Damyanti alitembea mle ndani akijihisi yuko kwa majirani. Alikuwa ametoka nyumbani kwake kwenye fahali wa Shiva na simba wa Durga, miungu ya kwao, na hapakuwa na kitu cha kumtisha.

Ndipo akapita mwongozaji na kundi la watoto wa shule. "Wamisri waliabudu wanyama," yule mwongozaji akawaambia kwa furaha. "Hebu fikirini, kumwabudu paka!" Watoto wakacheka kama walivyotakiwa.

"Nani amekwambia waliabudu paka?" Damyanti akauliza kwa sauti. Kanti akamvuta ukingo wa sari, lakini alikuwa amechelewa. "Mimi nina picha ya mume wangu ukutani. Nimeolewa na karatasi? Kwenye miguu ya Ganesh kuna panya, na mama yangu alikuwa na mitego ya panya stoo nzima. Mnyama ni mlango. Wewe unawaonyesha watoto mlango, halafu unawaambia watu walikuwa wakisujudia bawaba!"

Mwongozaji akatabasamu lile tabasamu wanalotabasamu hapa, akasonga mbele na watoto wake. Hilo tabasamu lilimuuma kuliko tusi.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka uliopita televisheni ikamwonyesha habari ya Liverpool. Zama za Malkia Victoria, wakulima wa Misri walichimbua makaburi ya paka, maelfu kwa maelfu, wote wamefungwa vizuri kama huyu wa kwao. Wafanyabiashara wakawapakia melini kwa uzito, wakawaleta Liverpool, wakawauza mnadani kuwa mbolea. Wakasagwa, wakamwagwa mashambani. Inasimuliwa kwamba mnadi mmoja alitumia fuvu la paka kama nyundo yake. Nadhiri za watu hizo! Machozi ya wagonjwa na wasiozaa, yamekwenda kuoteshea mboga za turnipu za Waingereza! Damyanti aliizima televisheni kwa nguvu hata kitufe kikaingia ndani kisitoke. Kanti, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuumwa, alisema kutoka kitandani, "Bora wetu alinusurika."

Basi hiyo ndiyo hasira aliyoachiwa pale jikoni na chapati iliyoungua. Tena Sachin alikuwa ameiongezea kuni. Makuhani wamevunja shingo za watoto wa paka? Hasira ikapiga kona ikarudi Misri kwenyewe. Kumbe hata hao! Kila aliyemshika huyu paka alikuwa na haja yake naye. Kuhani alimtaka auze, mchuuzi alimtaka auze, na leo Eddie anataka watu wa kushangilia. Hajatokea mtu hata mmoja wa kumwambia, wewe nawe umechoka, pumzika.

Na kwao mtu hupumzika kwa moto. Mwili usiochomwa ni safari isiyoanza; ndivyo Damyanti alivyolelewa. Miaka elfu mbili huyu yuko stendi.

Palikuwa na jambo jingine chini ya hilo, na alilijua, na lilimchoma zaidi. Baba yake Damyanti alipofariki kule Moshi, kaka yake ndiye aliyeushika mwenge, akazunguka kuni, akauwasha moto kwa mkono wake na "sote tukilia," kama Damyanti asemavyo akisimulia. Kanti alichomwa London. London mtoto wa kiume hapewi mwenge. Aliingizwa kwenye chumba cheupe chenye tanuri la gesi, akaonyeshwa kitufe, akabonyeza. Hilo Damyanti angelisamehe. Ni sheria za watu. Lakini alimwona Sachin kwa macho yake. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na macho yalikuwa kwenye simu. Anamchoma baba yake huku anatazama simu! Tangu siku ile hajamwambia neno juu ya hilo, ila kila anapomwona akiitoa ile simu mfukoni, huondoka chumbani.

Asubuhi ya Ijumaa akachukua funguo za duka na kitoroli chake cha sokoni. Duka lilikuwa tupu na baridi. Paka alikuwa peke yake juu ya rafu. Damyanti alisimama mbele yake na kinywa kikakosa la kusema, maana kusalimia ilikuwa kazi ya Kanti, na yeye kazi yake ni kujibu. Akamfunga kwenye khanga, akamlaza ndani ya kitoroli, akapita naye soko lote, kati ya mafungu ya giligilani na viazi vikuu. Muuza samaki akamwita. Hakugeuka.

Uani kwake akalitoa lile jiko la Moshi. Akapanga vijiti, akaweka vipande vya msandali, samli kwenye kikombe, na majani machache ya mrehani aliokuwa akiulea dirishani. Akamtoa paka kwenye khanga na kumpakata. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania.

Ndipo Restuta akachungulia juu ya ukuta. Restuta ni Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naye ndiye jirani wa kushoto. Alikuwa ametoka zamu, bado yuko na sare yake.

"Shikamoo, Mama Sachin."

"Marahaba. Usinisemeshe, nina hasira."

"Naziona kutoka huku. Unachoma nini?"

Damyanti akamweleza. Alianza na Eddie, akarudi kwa makuhani, akapitia makumbusho, akafika Liverpool, na alipofika Liverpool alikuwa amesimama, kiberiti mkono mmoja na paka mkono mwingine. "Wamewasaga, Restuta! Viumbe vya watu, vimefungwa kwa mikono ya watu, wamevisaga wakavifanya unga, wakavimwaga chini!"

"Jamani," akasema Restuta. "Haki ya Mungu, hawa watu." Akafikiri kidogo. "Sasa wewe, ukishamchoma, yale majivu utayapeleka wapi?"

"Mtoni, pale tulipompeleka Kanti."

"Majivu."

"Ndiyo, majivu. Kwani kuna nini?"

Restuta akaona haya. Huyu ni mtu wa umri wa mama yake, na kumkosoa mkubwa ni kazi nzito. Akasema polepole, akiutazama ukuta. "Nisamehe, Mama Sachin. Mimi sijui dini ya hao Wamisri. Lakini mtu aliyehangaika kusuka vitambaa hivyo vyote, kimoja juu ya kingine, si alitaka huyu paka abaki? Sisi huzika. Nyinyi huchoma. Hao wao walikausha na kufunga. Kama wangetaka awe majivu, moto walikuwa nao."

Damyanti akafungua kinywa ajibu. Alikuwa na majibu mengi, kwa kawaida huwa nayo. Safari hii kilichomjia ni yale makumbusho, bango alilolisoma kwa sauti ili Kanti asikie, kwamba kwa Wamisri mwili ukipotea, basi huyo amepotea moja kwa moja, hana pa kurudi. Alilisoma mwenyewe! Akautazama msandali wake, akaitazama samli yake. Liverpool waliwafanya wenzake unga kwa jiwe, na yeye alikuwa anakwenda kumfanya huyu unga kwa moto, tofauti yao harufu tu. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa amevaa sari.

"Toka hapo ukutani," akamwambia Restuta, kwa sauti iliyopasuka. "Nenda kalale, umetoka zamu."

"Haya, mama," akasema Restuta, na akaenda. Alimfahamu.

Sachin alimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi, jiko halijawashwa, paka magotini. Alikuwa amepita dukani akaona rafu tupu. Akaliangalia jiko, akakiona kiberiti, na mara moja akaelewa, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba hiyo hata kama hasemi lugha zake.

"Ulitaka kumchoma?" akasema. "Ma! Mimi nilitaka afunguliwe sanda, na nimeambiwa sina heshima. Wewe ulitaka kumteketeza kabisa!"

Alikuwa na haki, na mtu mwenye hasira hakuna kitu anachokichukia kama kumwona mwenzake ana haki. Damyanti akaliacha la paka na kurusha lile jingine, lile alilolifungia tumboni.

"Bora mimi ningemchoma kwa macho yangu! Wewe baba yako ulimchoma unatazama simu! Nilikuona. Umebonyeza kitufe kama mtu anayeita lifti, macho kwenye simu! Hukuweza kumpa baba yako hata macho?"

Sachin alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Simu ilikuwa imezimwa, Ma," akasema. "Haikuwa na kitu. Waliniambia nikibonyeza, mlango utafunguka na nitaona moto. Nilihitaji mahali pa kutazama. Nisingeweza kubonyeza huku naona." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ungeniuliza."

Njiwa walikuwa wameshuka uani wanangoja chapati yao. Damyanti aliwatazama. Yule mwongozaji wa makumbusho aliona paka akasema wanaabudu paka, na yeye aliona simu akasema hana macho kwa baba yake. Muda wote huu amemhukumu mwanawe kwa bawaba. Alitaka kumwambia hivyo, lakini kuomba radhi hakukuwahi kuwa fani yake. Badala yake akasema, "Pua unapangusa kwa mkono, na leso ninakununulia kila mwaka."

Sachin akacheka kidogo, kicheko chenye machozi.

"Nitampigia Eddie," akasema. "Nitamwambia hapana."

"Mwambie pia ni mshenzi."

"Nitamwambia hapana, Ma."

Akampigia palepale uani. Damyanti alisikia sauti ya Eddie ikilalamika ndani ya simu, kwamba watu wamekwisha kualikwa, kwamba ni paka tu, na alisikia Sachin akikataa mara ya pili, kwa ukali ambao hakujua mtoto huyu anao. Ukali huo aliutambua. Ulikuwa wake.

"Na sasa tumweke wapi?" Sachin akauliza alipomaliza. "Pale kwenye miungu yako?"

"Huyu si mungu wangu. Ana mwenyewe Bastet, na ana ujumbe wa mtu ambao hatujui kama umefika. Ni mgeni wetu. Mgeni hakai na miungu, hakai stoo, na haonyeshwi watu."

Wakamweka sebuleni, kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, kando ya picha ya Kanti. Damyanti akamtandikia ile khanga chini yake. Alisogea nyuma, akaona amekaa upande, akaenda kumnyoosha, akasogea tena. Alikuwa anangoja kitu na hakujua ni nini, na kungoja huko kukaanza kumuudhi. Akaenda jikoni kukunja mikono ya blauzi na kukanda unga, maana siku ilikuwa imefika mchana na ng'ombe hajapata chapati yake.

Akiwa huko akasikia harufu ya udi.

Hakutoka. Alisimama na mikono ndani ya unga akisikiliza nyayo za mtoto wake sebuleni. Zilianzia kulia, kama inavyotakiwa. Zikasimama mlangoni, zikasimama kwenye televisheni, maana hakuna mizani humo na ilimbidi afukize kitu, zikasimama kwenye picha ya Ganesh ukutani. Halafu zikafika kabatini, zikasimama.

"Shikamoo, mzee," Sachin akasema.

Kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekibeba mdomoni kwa mara ya kwanza, kila herufi akiikanyaga kwa woga. Damyanti alishika ukingo wa meza, unga ukabaki pale kwenye mbao. Alitaka kujibu kwa ile sauti nzito ya zamani, akaijaribu kooni, na ilikuwepo.

"Marahaba," akaita kutoka jikoni. "Na umechelewa."